Nyimbo 41 kwa usiku mmoja: kisa cha mdogo wangu na kundi la darasa

Mdogo wangu anasoma mwaka wa 2 katika chuo kikuu kimoja hapa Lubumbashi, Kongo. Tangu alipotoka Likasi kuja kusoma, anakaa kwangu Katuba. Kisa hiki ni chake, na ameniruhusu nikiandike kwa sharti moja: nisitaje jina lake wala la chuo chake. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina daftari ninaloandikia visa vya wanafunzi wangu, ili nikikutana na kingine cha aina hiyo nisianze upya kukuna kichwa. Hiki nimeona nisikifungie daftarini, maana kila ninapokisimulia katika chumba cha walimu kuna mmoja anayedakia, "Huyo ni mwanangu kabisa."

Ilikuwa Alhamisi usiku. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, ukarudi karibu saa sita, na kama kawaida yetu kila mtu akaamka kuchomeka simu. Mimi nikarudi kulala. Mara nikasikia mkono begani, na mdogo wangu akiniita Yaya, yaani ndugu mkubwa.

"Yaya, lamuka. Sikiya hii gitare. Hawa ni bantu ba Kitwe, Yaya. Kitwe, hapa pembeni!"

Alikuwa amegundua muziki uitwao zamrock. Kwa asiyeujua: miaka ya 1970, vijana wa Zambia, wengi wao wa miji ya migodi ya shaba kama Kitwe na Chingola, walichukua gitaa za umeme zenye sauti ya kukwaruza, wakachukua roki waliyoisikia kutoka Uingereza na Marekani, wakaitia midundo ya kwao na kuimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja. Bendi iliyovuma kuliko zote ni WITCH, ya mwimbaji Jagari Chanda. Rais Kenneth Kaunda alitaka redio ya nchi ipige zaidi muziki wa Wazambia wenyewe, na hilo liliwafungulia mlango. Kisha bei ya shaba ikaanguka katikati ya miaka hiyo, pesa za burudani zikakauka, na baadaye ukimwi ukawachukua wengi wa wanamuziki wale. Muziki ukasahaulika kwa miaka mingi, hadi watu wa nje walipoanza kuzitoa upya santuri zao.

Sisi wa Lubumbashi tunaijua njia ya Kitwe. Unavuka mpaka pale Kasumbalesa, unapita Chililabombwe na Chingola, umefika. Tunapeleka bidhaa, tunaleta unga. Na huyu kijana aliyekulia Likasi, mji wa shaba, hakuwahi kuambiwa na mtu kwamba ng'ambo ya pili ya mpaka, juu ya shaba ile ile, vijana wa umri wake waliwahi kupiga gitaa za namna ile. Nilimwona uso wake kwenye mwanga wa simu. Sijawahi kumwona hivyo hata siku alipopata diploma ya serikali.

Nilimwambia alale. Hakulala. Kati ya saa sita na saa nane usiku alituma nyimbo 41 kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao, moja baada ya nyingine. Hakuandika neno lolote, zaidi ya alama tatu za moto chini ya kila wimbo.

Dakika chache kabla hajaanza kutuma, CP wao, yaani mkuu wa darasa, alikuwa ameweka tangazo: intero, yaani jaribio, ya takwimu iliyokuwa ifanyike Jumamosi imewahishwa, itakuwa Ijumaa saa mbili asubuhi. Waliofungua kundi alfajiri wakiwa mbioni waliona nyimbo, nyimbo, nyimbo, wakafunga. Wanafunzi wawili hawakufika kwenye intero.

Ijumaa mchana CP alimtoa kwenye kundi. Aliandika sentensi moja, ambayo mwenzake mmoja alimpigia picha akamtumia: "Kundi hili ni la masomo, si la disko." Jumatatu darasani wakamwita DJ, na si kwa upendo. Alirudi nyumbani, akagusa chakula na kukiacha, akafuta nyimbo zote kwenye simu yake mbele ya macho yangu.

Hapa lazima niseme kosa langu mwenyewe, kwa sababu ni sehemu ya kisa. Neno la kwanza nililomwambia lilikuwa, "Si nilikuambia? Achana na muziki, soma." Lilikuwa neno la haraka na halikuwa la kweli. Muziki haukuwa umemfanya mtu yeyote akose intero. Wiki nzima baadaye hakuniamsha tena usiku, na badala ya kufurahi nikajikuta naukosa ule mkono begani. Ndipo nikaketi na daftari langu.

Jambo la kwanza nililotaka kulijua ni kwa nini alituma. Wenzake walisema anajionyesha. Walimu wenzangu wawili walisema ni ubinafsi, anafikiri kila mtu lazima apende anachopenda yeye. Mimi nakataa. Mtu anayejionyesha hujiweka mbele ya wimbo: mimi ndiye niliyeujua kwanza, ninyi hamjui kitu. Huyu hata jina la bendi hakuandika. Alijifuta kabisa akawaachia nyimbo, na nadhani kosa lake liko karibu na hapo hapo.

Kuna utafiti uliofanywa Montreal, Kanada, ukatolewa mwaka 2011 na Valorie Salimpoor, Robert Zatorre na wenzao. Waliwapima watu ubongo wakati wanasikiliza nyimbo zinazowasisimua mwili mpaka nywele zinasimama. Waliona ubongo ukitoa dopamini, kemikali ile ile inayohusika na raha ya chakula. Tena waliona kwamba sehemu moja ya ubongo huamka kabla ya kile kipande kitamu kufika, wakati msikilizaji anakingojea, na sehemu nyingine wakati kipande chenyewe kinapiga. Kwa hiyo nusu ya utamu ni kungoja. Na kungoja kunahitaji uwe unajua kinachokuja.

Nilimuuliza: ule wimbo wa kwanza ulionisikilizisha usiku, wewe ulikuwa umeusikia mara ngapi? Akafikiri. "Labda kumi na tano, Yaya."

Basi tuone pengo lilivyo. Yeye amesikia mara 15. Anajua kwamba dakika ya pili gitaa litanyamaza na ngoma zitabaki peke yake, na moyo wake unaanza kwenda mbio sekunde kumi kabla. Mwenzake wa darasani anasikia mara moja, kwenye spika ya simu, ndani ya basi, huku mtoza nauli anapiga kelele. Hana cha kungojea. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba watu huanza kukipenda kitu kwa kukutana nacho mara kwa mara, hata kama mwanzoni hakikuwa na maana kwao. Mdogo wangu alikuwa amekaa na muziki ule siku nne, akawapa wenzake siku nne zote kwa saa mbili, kisha akashangaa kwamba hakuna aliyeruka juu.

Halafu kuna mega, yaani data ya intaneti tunayoinunua kwa kipimo. Hili wazee hawalifikirii, lakini wanafunzi wetu wanaishi nalo kila siku. Wimbo wa dakika nne, ukibanwa vya kawaida, unakula karibu mega 4. Nyimbo 41 ni mega 164. Kundi lao lina watu 163, na wengi wameruhusu simu ipakue mafaili yenyewe. Kama kila simu ilipakua zote, ukizidisha unapata zaidi ya giga 26 zilizotolewa mifukoni mwa wanafunzi usiku mmoja bila kuulizwa. Wapo wanaonunua mega za siku moja pale kabini, kibanda cha vocha za simu, kwa pesa iliyobaki baada ya nauli. Nilipomwandikia hesabu hii kwenye karatasi alinyamaza muda mrefu. Sikuwa nataka kumwumiza, ila nadhani hii ndiyo sehemu ya kisa ambayo vijana wenyewe hawaioni: faili linapotoka kwenye simu yako huoni chochote kikipungua upande wa pili.

Lakini kilichonishika zaidi ni swali la alimtumia nani. Nilimuuliza hivyo hivyo. Akajibu, "Wote." Nikasema, taja mmoja. Hakuweza. Katika watu 163 hakuwa na hata mmoja kichwani wakati kidole kinabonyeza. Usiku ule mtu pekee aliyempelekea muziki kweli kweli nilikuwa mimi, kwa sababu alitembea hatua saba, akanigusa bega, akasema ni watu wa Kitwe. Na mimi, niliyekuwa na usingizi na nisiyependa gitaa za kukwaruza, wimbo ule ninaukumbuka mpaka leo. Ile sauti yake ya "hapa pembeni" ndiyo iliyonifungulia masikio.

Tulianza na yale mawili ya lazima. Alikwenda kwa wale wenzake waliokosa intero, mmoja mmoja, akaomba msamaha uso kwa uso. Kisha akafuatana nao kwa mwalimu wao kueleza kwamba tangazo lilizamishwa na yeye. Mwalimu akawapa siku nyingine. Sikumsindikiza, hilo lilikuwa lake.

Baada ya hapo nikampa kazi ndogo. Kwa wiki tatu, asitume wimbo wowote kwenye kundi lolote. Achague mtu mmoja na wimbo mmoja, ampelekee mwenyewe kwa miguu yake.

Nilitegemea achague rafiki. Akamchagua Kambo.

Kambo ni jirani yetu, ukuta kwa ukuta, mzee wa miaka 81 aliyestaafu Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali. Alizaliwa Likasi wakati ikiitwa bado Jadotville, baba yake akiwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni. Jioni hukaa nje kwenye kigoda akitazama barabara. Mdogo wangu alikwenda na simu yake, akasalimia vizuri, akaketi chini, akampigia wimbo wa zamrock. Mzee alisikiliza kama dakika moja, akainua mkono.

"Mwana, hii ni sauti ya mashini. Nimesikia mashini miaka thelathini na tano. Zima."

Nilikuwa nawasikia kutoka jikoni, nikahofia. Lakini kijana hakuondoka. Alisema tu kwamba ni vijana wa Kitwe. Mzee akageuka. Kitwe? Kumbe kaka yake mkubwa alifanya kazi Nkana, mgodi wa Kitwe, na yeye mwenyewe aliwahi kwenda kumtembelea. Wakaongea Kitwe mpaka giza likaingia. Kisha mzee akauliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote: "Na weye, unaweza kunitafutia wangu?"

Akapiga mluzi. Kipande kifupi, kinachopanda na kushuka, kisha kinarudia. Maneno hakuyakumbuka. Alikumbuka tu kwamba alikuwa mtoto, kwamba jirani yao katika kambi ya wafanyakazi alikuwa na gramafoni, na kwamba mpigaji aliwahi kuonekana mitaani Jadotville, watu wakasimama kumtazama kwa sababu alipiga kwa vidole viwili.

Mdogo wangu alihangaika siku sita. Alirekodi mluzi wa mzee, akaupa programu za kutambua nyimbo, hazikutambua kitu. Akauliza kwa wauza nyimbo wa sokoni wanaojaza fleshi, wakampa rumba. Mwishowe akaacha mluzi, akafuata mahali: gitaa, Jadotville, kabla ya uhuru. Hapo akampata Jean Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, ambaye baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine za kurekodi, alimkuta kijana huyu Jadotville akarekodi gitaa lake. Kati ya nyimbo zile ipo inayoitwa Masanga.

Aliichukua simu, akaazima bafle ndogo, yaani spika, kwangu, akavuka kwa mzee. Mimi safari hii nilitoka nje, sikutaka kusikilizia jikoni. Mzee hakusema neno. Alipiga ukingo wa kigoda kwa vidole. Wimbo ulipokwisha akasema, "Tena." Wakausikiliza mara nne. Mara ya tatu akauinua mkono wake wa kulia mbele ya kijana, akamwonyesha: dole gumba linashika besi hapa chini, kidole hiki cha shahada kinaimba huku juu. "Beko bawili mu mutu mumoja," akasema, yaani wako wawili ndani ya mtu mmoja.

Kijana aliingia nyumbani akiwa amepagawa kuliko usiku wa zamrock. Alikuwa amedhani ni magitaa mawili. Ameanza kusoma: mtaalamu wa muziki wa London, David Rycroft, mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikaa akaandika noti za Mwenda moja moja ili aelewe mkono mmoja unawezaje. Na wimbo huu wa mtu wa Likasi ulisafiri kwa santuri mpaka Kenya, ambako wapiga gitaa wa vidole waliuiga na kuujenga upya kwa namna yao. Santuri zile za zamani, za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu tu kila upande. Mtu alinunua moja, akaipiga mpaka ikachakaa, majirani wakaijua kwa kupitia ukuta. Hakuna aliyepewa 41 kwa usiku mmoja. Naamini ndiyo maana mtoto wa kambi wa mwaka 1952 bado anaweza kuipigia mluzi.

Sitaki nionekane nasifu umaskini wa zamani. Wingi wa sasa una neema yake: bila intaneti mdogo wangu asingejua zamrock kamwe, wala asingempata Mwenda kwa siku sita. Ninachosema ni kwamba kutafuta na kupeleka ni kazi mbili. Katika kutafuta, wingi unasaidia. Katika kupeleka, unaua.

Wiki tatu zilipokwisha, CP alimrudisha kwenye kundi la masomo, na kwa hiari yake akafungua jingine pembeni kwa wanaotaka muziki. CP yule nimemheshimu kwa hilo, hakulazimika. Waliojiunga ni 19 kati ya 163. Mdogo wangu alitazama namba ile akasononeka kidogo, nikamwambia mimi darasani nikipata 19 wanaosikiliza, naenda nyumbani na furaha.

Anatuma wimbo mmoja, Jumapili jioni. Wa kwanza ulikuwa ule wa Mwenda, na maneno aliyoandika chini yake ninayo:

"Umerekodiwa Likasi mwaka 1952, ikiitwa Jadotville. Mpiga gitaa ni mmoja, hata kama masikio yatawaambia ni wawili. Mega 3. Sikilizeni dole gumba."

Watu sita waliandika kitu. Mmoja akatuma sauti ya baba yake akicheka na kuimbia juu ya wimbo. Jumapili ya pili alipeleka zamrock, wimbo mmoja tu kutoka zile 41, akieleza ni dakika ipi gitaa linanyamaza na ngoma zinabaki. Nilipenda sana hilo: aliwapa cha kungojea. Binti mmoja akaandika kwamba shangazi yake yuko Chingola na atamuuliza kama aliwahi kuwaona. Jumapili ya tatu alipeleka karindula, muziki wetu wa Katanga wa banjo kubwa la pipa na ngozi ya mbuzi, na humo wakabishana wao kwa wao mpaka usiku kuhusu nani anaupiga vizuri zaidi na mtaa gani. Hakuhitaji tena kusukuma chochote.

Kuna mambo ambayo hayajanyooka. Bado analala kwa kuchelewa, na alama zake za takwimu haziniridhishi. Bado anahesabu nani amesikiliza na nani hajasikiliza, na Jumapili ambayo hakuna anayejibu, Jumatatu yake inakuwa nzito. Namwelewa. Ukimpa mtu wimbo unaoupenda umemwonyesha sehemu yako ambayo huna maneno ya kuieleza, na akinyamaza unadhani ameikataa sehemu hiyo. Katika umri wa miaka 20 hilo linauma. Wazazi wanaosema "ni muziki tu" naomba walifikirie hilo kabla ya kusema.

Kambo ameshampa kazi nyingine. Safari hii hakumbuki mluzi wala mpigaji. Anakumbuka mstari mmoja wa Kiswahili, kuhusu mtu anayemngoja dada yake kwenye kituo cha treni, na sauti ya wanawake wanaoitikia nyuma. Mdogo wangu ameuandika kwenye karatasi, ameubandika ukutani juu ya kitanda chake. Jumamosi iliyopita alikwenda Kamalondo kuwauliza wazee wanaocheza dama pale karibu na baa. Mmoja alisema anaujua, ila ni lazima kwanza amuulize mke wake, ambaye yuko Kipushi hadi mwisho wa mwezi.